Hiyo Si Besi

Naomba niseme mapema, ili anayetaka kukasirika aanze sasa: sehemu kubwa ya kile tunachokiita besi katika matatu za Nairobi si besi. Ni spika iliyokufa ambayo bado haijazikwa. Sisi abiria tunaikalia, tunatikisa vichwa, tunarekodi video za sekunde kumi na tano na kuandika chini yake kwamba gari linagonga. Haligongi. Linakwaruza. Na kama umesoma hadi chuo kikuu na bado huwezi kutofautisha kugonga na kukwaruza, basi una tatizo ambalo mimi pia niliishi nalo kwa miaka minne bila kujua.

Miaka hiyo minne nilisafiri kati ya mjini na Rongai karibu kila siku ya masomo. Sikuwa yule abiria anayeziba masikio kwa vidole. Nilikuwa yule anayeacha gari mbili tatu ziondoke pale Railways, akisubiri nganya ambayo michoro yake inang'aa na wufa yake inasikika kabla haijakata kona. Nilijua kiti changu: cha nyuma kabisa, juu ya boksi, pale ambapo besi huanzia kwenye mapaja ikapanda hadi kifuani. Kwa hiyo ukitaka kuniweka kwenye kundi la wale wazee wa barua kwa mhariri wanaochukia vijana na muziki wao, umebisha mlango wa jirani. Mimi naandika kwa sababu napenda besi. Halafu mdogo wangu wa kiume ni makanga katika laini hiyohiyo, na nitamfikia.

Siku niliyogundua, mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa hatusogei, karibu na Bomas. Wimbo uliokuwa ukipigwa niliujua vizuri. Nilikuwa nimeusikiliza usiku kucha kwenye simu yangu wakati wa mitihani, najua kabisa mahali ambapo gitaa la besi linashuka ngazi nne na kupanda mbili. Ndani ya gari lile hakukuwa na ngazi. Noti zote zilikuwa zimegeuka kuwa moja: bup, bup, bup, kama mtu anayepiga godoro kwa mwiko. Sikujali sana, maana kelele ilikuwa kubwa na kelele kubwa ina namna ya kukufanya uamini unafurahi. Kisha dere akaona polisi mbele, akapunguza sauti mpaka ikawa ya kunong'ona. Hapo ndipo nikasikia. Chini ya wimbo, kwa kila pigo la ngoma, kulikuwa na sauti nyingine ndogo, kavu, kama kucha kwenye karatasi ya msasa. Krrr. Krrr. Muziki ulikuwa umeshuka lakini mkwaruzo ulibaki. Tulipowapita polisi, sauti ikarudi juu, mkwaruzo ukafunikwa, na abiria wakashangilia.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kulijua kuhusu wufa inayokufa: haijifichui ukiongeza sauti, inajifichua ukipunguza. Wufa nzima, hata kwa sauti ya chini, bado huzungumza. Utaisikia ikitembea na noti zake polepole chini ya wimbo. Iliyoumia hukwaruza hata ukiwa umeipunguza mpaka unaweza kusikia mtu akihesabu sarafu. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho ulipanda nganya ikapunguza sauti kwa hiari yake? Ugonjwa unaonekana mahali pale tu ambapo hatuendi kuutafuta.

Nilimpelekea habari hii anko wangu. Ana kibanda chake cha kutengeneza spika juu ya ngazi nyembamba karibu na Luthuli Avenue, mtaa ambao Mnairobi yeyote anayetaka redio, kebo au spika anaujua. Yeye haamini maneno, anaamini vitu vilivyofunguliwa. Akaweka mbele yangu wufa iliyokatwa katikati, na kwa dakika ishirini akanionyesha kile nilichokuwa nimekikalia miaka minne.

Wufa ni kitu rahisi kuliko bei yake. Kuna koili ya waya wa shaba iliyozungushiwa silinda nyepesi. Koili hiyo imetumbukizwa katika mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma na sumaku, nayo imebandikwa kwenye koni, na koni husukuma hewa. Ni hayo tu. Mpango huo, kwa kiasi kikubwa, ndio ule ulioelezwa na wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Karne nzima imepita na bado tunasukuma hewa kwa karatasi na sumaku. Kinachoishikilia koili isiguse kuta za mwanya ni vitu viwili: ukingo wa mpira au sponji unaozunguka koni, na kitambaa kigumu kilichokunjwa kunjwa ambacho mafundi hukiita spaida, yaani buibui. Nafasi iliyopo kati ya koili na chuma, kila upande, haifiki milimita moja. Maisha yote ya wufa yanategemea nafasi hiyo.

Kwa hiyo wufa ina vifo vikuu viwili. Cha kwanza ni cha kuchanika: sponji inaoza kwa umri, unyevu na vumbi, au buibui analegea kwa kurushwa kupita kiasi, koili inakaa upande na kuanza kusugua chuma. Hicho ndicho kile krrr. Cha pili ni cha moto. Wufa ya gari hugeuza sehemu ndogo sana ya umeme kuwa sauti. Zaidi ya asilimia 95 hutoka kama joto, na joto hilo lote linazaliwa kwenye koili. Ikizidi, vanishi ya waya inaungua, gundi inayeyuka, mizunguko inaachana. Pua yako italijua hilo kabla ya masikio. Ni ile harufu ya mota ya blenda iliyoungua, tamu kidogo na chungu nyuma. Ukiinusa ndani ya gari na dere akakuambia ni breki, muulize breki zake zimefungwa chini ya kiti cha nyuma tangu lini.

Namna ya kupima si siri ya ukoo wowote. Zima kila kitu. Weka vidole vya mikono miwili pande zote za koni, sukuma taratibu na kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya, kama kifua cha mtoto aliyelala. Ikikwaruza, koili inasugua. Ikikataa kabisa kusogea, koili imevimba au imekwama. Kisha chomoa waya, chukua mita ya kawaida, ile ya bei ya chini kabisa, uiweke kwenye omu. Koili iliyoandikwa omu 4 itakupa namba iliyo chini kidogo ya 4. Ikikupa karibu na sifuri, mizunguko imegusana. Ikikaa kana kwamba hujagusa kitu, waya umekatika. Kama wufa ina koili mbili, pima kila moja peke yake. Huna mita? Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kwenye vituo vyake kwa nukta moja tu: koni nzima itaruka kidogo na kusema "tup". Isiposema, imenyamaza milele. Mtu anaweza kujifunza yote haya kwa muda mfupi kuliko wa foleni ya Bomas.

Lakini hakuna anayetaka kujifunza, na hapa hasira yangu inaanza kupata anwani.

Wa kwanza ni muuza vifaa. Mwaka juzi mwenye gari ambalo mdogo wangu hulifanyia kazi aliona besi imepungua nguvu. Akaenda kwenye duka fulani, ambalo silitaji. Hakuna aliyegusa koni, hakuna aliyetoa mita. Akaambiwa amplifaya ni ndogo, akauziwa kubwa zaidi kwa shilingi 18,000. Wiki tatu baadaye gari lilikuwa na ile harufu ya blenda.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu uongo wa wati ndio uongo mkubwa kuliko wote katika biashara hii. Ukitoka wati 500 kwenda 1,000, umelipia mara mbili na umepata desibeli 3. Desibeli 3 ni tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane kwa mtu kuwa imekua maradufu, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Na joto je? Shaba ikipanda nyuzi 100, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 39, na amplifaya ileile inasukuma umeme mchache zaidi. Maana yake ni kwamba wufa iliyochoka kwa joto hupungua sauti yenyewe, katikati ya safari, bila mtu kugusa kitu. Dere anasikia imepungua. Anafanya nini? Anaongeza. Joto linapanda, sauti inashuka tena, mkono unarudi kwenye kitufe. Amplifaya nayo ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi, kila wimbi linakuwa na kilele bapa kama paa la mabati, na mawimbi ya namna hiyo huitwanga koili bila kuipa pumziko. Halafu tunaita "full power".

Wa pili ni fundi wa upande wa pili, yule anayeua wufa zilizo hai. Maana yuko pia. Anko anao msemo anaoutumia kwa kila mteja, nao haumpendezi mteja yeyote: kwanza laumu waya. Si kila kinachotetemeka kimekufa. Skrubu iliyolegea kwenye boksi hutoa sauti ya kifo. Namba ya gari iliyofungwa kwa parafujo moja hutoa sauti ya kifo. Plaiwudi iliyofumuka kwenye kona hupumua hewa kwa kila pigo, na ukiweka kiganja pale utahisi upepo. Waya wa ardhi ulioshika kutu huifanya besi ije na kwenda kama stima. Kabla hujamwambia mtu wufa yake imeisha, itoe kwenye boksi, ipime mkononi, halafu ijaribu kwenye amplifaya nyingine unayoijua ni nzima. Nimeona kijana aliyejichangisha miezi mitano akinunua wufa mpya kwa sababu ya waya wa shilingi 50, na ile ya zamani, nzima kabisa, ikabaki dukani "kama taka". Siku mbili baadaye ilikuwa kwenye rafu, imefutwa vumbi.

Wa tatu ni sisi, na simaanishi abiria wote. Namaanisha sisi tuliosoma, tunaoandika insha kama hizi. Tumegawanyika makundi mawili, yote mawili ya hovyo. Kundi moja limejifungia ndani ya spika zake za masikioni. Linapanda matatu, linasukuma sauti ya simu mpaka mwisho ili kuifunika sauti ya gari, na linajiona limejiokoa. Limeongeza kelele juu ya kelele, sentimita mbili kutoka kwenye ngoma ya sikio. Kundi la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Ni la wale wanaosema: huu ni utamaduni. Ukilalamika kwamba spika inakwaruza, wanakuambia unawadharau vijana wa mtaani, unataka nganya ziwe kama mabasi ya shule.

Utamaduni gani? Reggae inayopigwa kwenye gari hizo ilitoka Jamaika, na mmoja wa watu walioipa besi uzito wake pale Kingston alikuwa Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby. Kabla dunia haijamjua kama bingwa wa dabu, alikuwa fundi. Alitengeneza redio za watu. Aliunda na kurekebisha amplifaya kwa mikono yake, na mitambo yake ya mtaani, iliyoitwa Tubby's Hometown Hi-Fi, ilisifiwa kwa usafi wa sauti yake. Soma tena neno hilo: usafi. Babu wa besi hii unayoitetea alikuwa mtu wa kusikiliza mkwaruzo na kuutafuta mpaka aupate. Anayemwambia dere "wacha tu, hiyo ndiyo mtaa" hamheshimu mtu wa mtaa. Anasema kwamba mtu wa mtaa anastahili spika mbovu. Wewe ukinunua spika ya sebuleni ikakwaruza siku ya kwanza utairudisha dukani ukiwa na risiti mkononi. Kwa nini ya makanga iwe utamaduni?

Kuhusu serikali sitakaa sana, maana haijakaa sana na jambo hili. Tunazo kanuni za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri. Nimekuwa nikilipenda hilo neno mitetemo pale kwenye jina. Kuna mwandishi wa sheria mahali fulani aliyewahi kukaa kiti cha nyuma. Ila barabarani sheria inajua vitu viwili tu, kuwasha na kuzima. Kila baada ya muda unasikia msako, madere wanapunguza, wiki inapita, wanaongeza. Gari hukaguliwa breki, mikanda, magurudumu yaliyoisha. Gurudumu kipara kila mtoto anajua kulitambua. Wufa kipara hakuna anayeijua, na hakuna anayeulizwa.

Na abiria akiuliza, jibu analijua: kama hutaki kelele, nunua gari. Nimeambiwa hivyo mara mbili. Mara ya pili aliyeniambia alikuwa mdogo wangu.

Alianza kazi hiyo akiwa na miaka ishirini na moja. Sasa ana ishirini na sita. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo unakatwa nusu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2, desibeli 100, dakika 15. Kipimo cha haraka ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, inaelekea umeshapita 85. Makanga hapazi sauti. Makanga anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, abiria amekaa magotini pake, na bado anaonyesha nauli kwa vidole. Huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa nne usiku. Mimi nilikaa juu ya boksi saa moja na nusu kwa siku. Yeye anaishi pale.

Na wufa mbovu inamwongezea ubaya. Sikio la binadamu halihisi sana mawimbi ya chini kabisa, yale ya mitetemo 40 kwa sekunde ambayo wufa nzima huyatoa. Mengi ya hayo tunayasikia kwa kifua. Linahisi zaidi sauti za kati na za juu, na huko ndiko linakodhurika kwa urahisi. Wufa ikianza kufa, haitoi tena mawimbi safi ya chini. Inatoa mikwaruzo, mibofyo na milio ya juu. Dere, akiona besi haifiki kifuani, anaongeza kila kitu pamoja na zile spika ndogo za juu, zinazokata kama wembe. Gari lenye wufa nzima, kwenye boksi lililopigwa vizuri, lingeweza kukutikisa kifua kwa sauti ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana nasema anayependa besi kweli ndiye angekuwa wa kwanza kulalamika.

Ndani ya sikio kuna chembe zenye nywele, kama 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti. Unazaliwa nazo. Zikifa hazioti tena. Baada ya kelele nyingi masikio huziba kwa muda, unashuka garini ukisikia dunia imefungwa kwa blanketi, usiku linapungua, asubuhi umesahau. Lakini wakati limeziba, sauti ya jana inaonekana ndogo, na unaongeza. Anko aliniambia hayo ndiyo yanayomtia hofu zaidi ya koili yoyote: spika iliyochoka inapunguza, sikio lililochoka linadai zaidi, na vyote viwili vimefungiwa gari moja.

Agosti iliyopita mdogo wangu alikuja Luthuli na wufa begani, imefungwa kwa gunia. Mwenye gari alitaka kuibadilisha. Yeye alikuwa amebisha kwamba ni nzima na wanaibiwa. Walikuwa wamekwisha gombana. Aliiweka kwenye meza ya Anko kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani.

"Anko, hii iko fiti. Waambie. Ni amplifaya imechoka."

"Keti kwanza," Anko akasema.

Hakuketi. Anko akafuta vumbi kwenye koni kwa mkono wa shati lake, akaweka vidole pande zote, akasukuma. Krrr. Nilikuwa mlangoni, hatua tatu, chini kuna soko zima na wahubiri wawili wanaoshindana, na nilisikia. Anko ana miaka sitini na tatu, na alisikia.

"Umeona?" mdogo wangu akasema. "Haina shida."

Anko hakujibu. Alinitazama mimi. Kisha akasukuma tena, polepole zaidi, akashikilia, akarudisha. Krrr, kwenda. Krrr, kurudi.

"Sasa?"

"Sasa nini? Iko sawa, Anko."

Anko akachukua mita, akachomeka ncha zake, akaigeuza ili uso wake uonekane. Namba zilicheza, zikapanda, zikapotea, zikarudi, kila koni iliposogea. Hapo mdogo wangu aliinama. Macho yake ni mazima, na namba alizielewa mara moja. Si mjinga, ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu za shule ya upili ingawa mimi ndiye mkubwa. Alizitazama zikipotea na kurudi mara nne au tano. Kisha akamwangalia Anko, akaniangalia mimi.

"Inakwaruza?" akauliza.

"Inakwaruza," nikamwambia.

"Tangu lini?"

Hakuna aliyejua amjibu kuhusu nini. Alimsogeza Anko kwa bega, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye koni, vinne huku, vinne kule, akainamisha kichwa mpaka sikio la kulia likakaribia kugusa karatasi. Akasukuma. Akageuza kichwa, akaweka la kushoto. Akasukuma tena.

"Funga huo mlango, sis," akasema. "Kuna kelele huko nje."

Nikaufunga.